Kutafuta dozi ya insulini ya mbwa au paka mwenye kisukari: mwongozo kamili

"Nimchome yuniti ngapi?" Kila anayeambiwa kwamba mnyama wake ana kisukari huanza na swali hilo. Mimi pia niliuliza hivyo hivyo, nimesimama mbele ya meza ya daktari wa mifugo, kamba ya Chausiku mkononi. Daktari aliandika namba 3 kwenye karatasi, kisha akasema jambo ambalo siku ile halikuniingia: "Hii ya kuanzia tu, mama. Dozi yake bado hatuijui. Tutaitafuta."

Chausiku ni mbwa jike wa kienyeji, kilo 12, ana miaka minane, tunaishi naye Dar es Salaam. Wiki chache baada ya joto lake la mwisho, yaani kipindi cha kutaka dume, alianza kumaliza bakuli la maji kabla ya saa nne asubuhi. Akawa anakula vizuri huku mbavu zinazidi kuonekana, na mara mbili akakojoa barazani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu utoto. Kuipata dozi yake kulituchukua miezi mitano. Ninaandika mwongozo huu kwa sababu muda mrefu katika miezi hiyo niliupoteza kwa haraka yangu mwenyewe.

Jambo moja lishike tangu mwanzo. Uzito wa mnyama unakupa mahali pa kuanzia, haukupi dozi. Dozi inatafutwa kwa kupima, kusubiri, kubadilisha kidogo na kupima tena. Halafu hatari za pande mbili hazilingani. Sukari ikibaki juu kwa siku kadhaa, mnyama atakonda na kukojoa sana, na utakuwa na muda wa kurekebisha. Ikishuka mno, anaweza kufa kabla maharage hayajaiva jikoni. Ndiyo maana tunaanza chini na kupanda polepole, na kila badiliko linafanywa pamoja na daktari wa mifugo anayemjua mnyama huyo.

Kabla ya yuniti ya kwanza

Hakikisha ni kisukari kweli. Daktari ataangalia sukari kwenye damu na kwenye mkojo. Kwa paka vipimo vyote viwili ni lazima, maana paka aliyeletwa kliniki ndani ya boksi, amesikia mbwa wakibweka mapokezini, sukari yake hupanda sana kwa hofu tupu. Daktari akiwa na shaka ataomba kipimo cha fruktosamini, kinachoonyesha hali ya sukari ya wiki mbili tatu zilizopita. Hofu ya asubuhi moja haikibadilishi.

Mbwa na paka hawaugui kisukari cha namna moja. Mbwa kwa kawaida kongosho lake limeacha kutengeneza insulini, hivyo atachomwa maisha yake yote. Paka wengi hali yao inafanana na kisukari cha watu wazima wanene: insulini ipo, ila mwili hauisikii. Paka akidhibitiwa mapema anaweza kufika mahali asihitaji sindano tena. Tutarudi kwake.

Sindano na kichupa vilingane

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye kosa linaloua.

Insulini hupimwa kwa yuniti, na vichupa havina nguvu sawa. Insulini ya binadamu iliyo kwenye vichupa vya maduka yetu ya dawa kwa kawaida ina yuniti 100 kwa kila mililita. Insulini zilizotengenezwa kwa ajili ya wanyama, kama Caninsulin na ProZinc, zina yuniti 40 kwa mililita. Mabomba ya sindano nayo yako ya aina mbili: U-100 kwa insulini ya 100, na U-40 kwa insulini ya 40. Mara nyingi la U-100 lina kifuniko cha rangi ya chungwa na la U-40 kifuniko chekundu, lakini usiamini rangi, soma maandishi ubavuni.

Ukivuta insulini ya 100 kwa bomba la U-40 hadi mstari wa 4, umevuta yuniti 10. Hiyo ni dozi mara mbili na nusu, na kwa mnyama mdogo inatosha kumwua. Ukikosea kinyume chake, yaani insulini ya 40 kwa bomba la U-100 hadi mstari wa 4, umechoma yuniti 1.6 tu, na utashangaa kwa nini dawa haifanyi kazi. Kama insulini ya 40 ndiyo uliyonayo na mabomba yake hayapatikani, daktari anaweza kukuelekeza utumie la U-100 kwa kuzidisha mara 2.5: yuniti 1 inakuwa mistari miwili na nusu, yuniti 2 inakuwa mistari mitano. Andika hesabu hiyo kwenye karatasi, ibandike kwenye friji, na usiifanye kichwani saa kumi na mbili asubuhi.

Kwa mnyama mdogo tafuta bomba la mililita 0.3 lenye mistari ya nusu yuniti. Nilianza na bomba la mililita 1, ambalo mistari yake inahesabu mbilimbili, na nikawa nakisia ilipo 3. Huwezi kutafuta dozi kwa kukisia.

Kuhusu aina ya dawa, insulini za wanyama hazipatikani kirahisi kwetu, hivyo madaktari wengi huanza mbwa na NPH ya binadamu, ile nyeupe kama maziwa. Paka hupendelewa glargini, ambayo ni angavu kama maji. Mixtard 30, insulini ya binadamu iliyochanganywa, ipo kwenye maduka mengi ya dawa, lakini asilimia 30 yake ni insulini ya haraka inayoweza kuishusha sukari ghafla. Usiichukue kwa sababu tu muuzaji amesema "ni ile ile". Si ile ile.

NPH inabingirishwa taratibu kati ya viganja hadi weupe uenee sawasawa. Glargini haichanganywi na chochote, na ikipata ukungu inatupwa. Kila kichupa kina maelekezo yake kwenye karatasi ya ndani, yafuate. Kikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya kugandishia, kwa sababu insulini iliyoganda imeharibika hata ikiyeyuka na kuonekana nzima. Andika tarehe uliyokifungua. Katika joto la Dar, kichupa kilichosahauliwa juu ya kabati mchana kutwa kitakufanya upandishe dozi bure, kisha siku ukinunua kichupa kipya dozi ile ile inageuka kubwa mno.

Dozi ya kuanzia

Kwa mbwa, madaktari wengi huanza na yuniti 0.25 kwa kila kilo, mara mbili kwa siku, kila baada ya saa 12. Chausiku ana kilo 12, kwa hiyo yuniti 3 asubuhi na 3 jioni. Paka wengi huanzia yuniti 1 kila saa 12, awe mwembamba au mnene. Pale dozi inapohesabiwa kwa kilo, mnyama mnene huhesabiwa kwa uzito anaopaswa kuwa nao. Zipo insulini ambazo hesabu hii haizifai kabisa: detemiri, kwa mfano, mbwa huihisi kwa nguvu sana na huanzishwa chini zaidi. Ukibadilishiwa dawa, usihame na namba yako ya zamani.

Chakula kifuate saa hizo hizo. Mbwa apewe milo miwili inayolingana, kipimo kilekile, chakula kilekile, achomwe akishamaliza kula. Kama nyumbani mnampa ugali na nyama, basi iwe kikombe kilekile cha ugali na kiasi kilekile cha nyama kila siku. Mifupa ya jirani na vipande vya chapati vya watoto vilituvurugia wiki mbili nzima za vipimo, hadi nilipowakalisha watoto chini na kuwaeleza kwamba chapati ile inamwumiza.

Kuchoma kwenyewe ni kazi ndogo kuliko hofu yake. Inua ngozi ya ubavuni kwa vidole viwili, ingiza sindano kwenye hema lililojitokeza, sukuma, toa. Badilisha ubavu kila mara, maana ngozi inayochomwa mahali pamoja hukakamaa na dawa haipiti vizuri. Ukihisi unyevu kwenye manyoya na hujui kiasi gani kimeingia, usirudie. Subiri sindano ijayo.

Siku kumi za kutogusa kitu

Baada ya dozi ya kwanza, na baada ya kila badiliko, mwili unahitaji siku 7 hadi 14 kuzoea. Katika siku hizo usipandishe. Siku ya tatu nilipima sukari asubuhi nikaona 23 (milimoli kwa lita), nikampigia daktari nikitaka kuongeza. Akaniuliza, "Umepima saa ngapi tena?" Nilikuwa nimepima mara moja tu. Akakata simu.

Alikuwa sahihi. Kipimo kimoja cha asubuhi kinakuonyesha dawa ikiwa imeisha nguvu, hakikuonyeshi ilifika chini kiasi gani mchana. Zaidi ya hapo, mwili ukishtuliwa na sukari iliyoshuka mno, ini humwaga sukari yake kwenye damu, na asubuhi ukakuta namba kubwa iliyosababishwa na dozi kubwa. Anayepandisha kwa kuangalia asubuhi peke yake anaweza kuwa anaelekea shimoni.

Kazi ya siku hizo ni daftari. Andika saa ya sindano, alichokula, na maji aliyokunywa. Maji yapime: mimina kwa chupa ya lita moja asubuhi, pima yaliyobaki jioni. Mbwa anayekunywa zaidi ya mililita 100 kwa kila kilo kwa siku bado hajadhibitiwa. Kwa Chausiku ni lita 1 na robo kasoro kidogo. Mpime uzito kila wiki. Maji yakipungua na uzito ukirudi, dozi inaelekea mahali pake hata kabla hujatoboa sikio kupima damu.

Siku ya kupima

Sasa tunachora mlima na bonde. Chagua siku uliyo nyumbani tangu asubuhi hadi jioni. Pima kabla ya chakula na sindano, kisha kila baada ya saa mbili hadi sindano ya jioni. Ikishuka chini ya 8, pima kila saa. (Namba zangu zote ni milimoli kwa lita, kama mashine nyingi za huku zinavyosoma. Mashine yako ikitoa namba kama 250, gawanya kwa 18.)

Mashine ya sukari ya binadamu inafaa, lakini ijue tabia yake. Kwa mbwa na paka karibu sukari yote iko kwenye maji ya damu, wakati kwa binadamu sehemu kubwa imo ndani ya chembe, hivyo mashine yetu mara nyingi husoma chini kuliko hali halisi. Ukiweza kupata iliyotengenezwa kwa wanyama, kama AlphaTRAK, ni bora. Ukiwa na ya binadamu, tumia hiyo moja siku zote, na mwambie daktari ni ipi.

Damu inatoka pembeni mwa sikio. Jaza mchele kwenye soksi safi, upashe moto, ujaribu kwanza kwenye shavu lako, kisha uulaze kwenye sikio kwa dakika moja hadi mshipa mwembamba wa pembeni uonekane. Weka pamba nyuma ya sikio ili usijitoboe kidole, toboa karibu na mshipa, subiri. Tone likisimama kama punje ya mtama, gusisha stripu, kile kipande cha kupimia cha mashine. Kisha bana kwa pamba nusu dakika na mpe kipande kidogo cha nyama ya kuchemsha, kilekile kila safari. Safari ya tatu Chausiku alikuwa anakuja mwenyewe na kunilazia kichwa mapajani.

Siku ya kumi, kwa yuniti 3, tulipata hivi:

Saa 1 asubuhi 24.1
Saa 3 asubuhi 22.0
Saa 5 asubuhi 18.6
Saa 7 mchana 16.9
Saa 9 alasiri 19.2
Saa 11 jioni 22.8
Saa 1 usiku 24.5

Angalia kwanza bonde, yaani namba ya chini kabisa. Hapa ni 16.9. Mbwa huanza kumwaga sukari kwenye mkojo inapopita 10 hadi 12, na paka inapopita 14 hadi 16. Kwa hiyo Chausiku alikuwa anamwaga sukari kutwa nzima. Dawa inafanya kazi, maana bonde lipo na liko katikati, lakini haitoshi.

Kuamua

Tunatafuta bonde lililo kati ya takriban 4.5 na 8. Likiwa humo na mnyama anaendelea vizuri, usiguse kitu. Likiwa juu ya 8 na bado anakunywa sana, daktari atapandisha kwa asilimia 10 hadi 25. Kwa paka ni nusu yuniti, mara chache yuniti nzima. Likiwa chini ya 4.5 dozi inapunguzwa, hata kama mnyama anarukaruka kwa furaha. Na kama kabla ya sindano unakuta sukari iko chini ya 10, piga simu kwanza.

Chausiku alipanda kutoka 3 hadi 3.5, kisha 4, kisha 4.5, kila hatua na siku zake kumi au zaidi. Kwa 4.5 asubuhi alikuwa 17.8, saa 5 akawa 8.9, saa 7 mchana 6.4, na saa 1 usiku 16.5. Nilitaka kupandisha tena kwa sababu ile 17.8 ilinikera. Daktari akaweka kidole juu ya 6.4. "Ukiongeza, hii itakwenda wapi?" Bonde ndilo linaloamua, hata kilele kikibaki juu kuliko unavyotamani. Kama bonde ni zuri na vilele viko juu sana, huenda dawa inaisha mapema, na tiba yake ni kubadilisha aina ya insulini. Kuongeza yuniti hakusaidii hapo.

Ikishuka mno

Wiki mbili baada ya Chausiku kuondolewa kizazi, saa nane mchana, nilimwona anatoka chini ya mwembe huku miguu ya nyuma inapishana kama ya mlevi. Alisimama, akaniangalia kana kwamba hanijui, kichwa kikitetemeka. Mashine ilisoma 2.9.

Mnyama akiyumba, akitetemeka, akilegea au akiwa kama amepotea, usipoteze muda kutafuta stripu. Kama anaweza kumeza, mpe chakula mara moja. Kama hawezi au amelegea, chovya kidole kwenye asali au maji mazito ya sukari na umpake kwenye ufizi na ndani ya shavu. Usimimine kinywani, yataingia mapafuni. Akiwa kwenye degedege usiingize kidole kati ya meno, mpake asali kwenye ufizi wa nje tu. Akizinduka mlishe, kisha mpeleke kwa daktari hata kama anaonekana mzima, kwa sababu insulini uliyochoma asubuhi bado inaendelea kufanya kazi. Sindano inayofuata haichomwi mpaka daktari aseme, na kwa kawaida dozi inakatwa nusu. Yetu ilishuka hadi 2, na baadaye ikatulia 2.5.

Dharura ya upande wa pili nayo ipo. Mnyama mwenye sukari ya juu anayetapika, anayekataa kula, anayehema kwa kina au kutoa pumzi yenye harufu kama ya dawa ya kufutia rangi ya kucha, huenda ana sumu ya ketoni, yaani asidi inayojaa kwenye damu mwili unapochoma mafuta kwa kukosa insulini. Huyo ni wa hospitali siku hiyo hiyo. Usijaribu kumtibu nyumbani kwa kumwongezea yuniti.

Dozi inayopanda bila kushika

Mbwa akifika karibu yuniti 1.5 kwa kilo kwa kila sindano, au paka akifika yuniti 5 au 6, na bonde bado liko juu, acheni kupandisha na mtafute kinachoipinga insulini. Anzeni na vitu vya kawaida: kichupa kilichoharibika, bomba lisilo sahihi, mtu mwingine wa nyumbani ambaye sindano yake inaishia kwenye manyoya bila kuingia ngozini. Kisha maambukizi ya njia ya mkojo, meno yaliyooza, dawa za steroidi kama prednisoloni, hata ile iliyo kwenye matone au krimu. Baada ya hapo magonjwa ya homoni, ambayo ni kazi ya maabara.

Kwa jike ambaye hajaondolewa kizazi, jibu mara nyingi ni kizazi chenyewe. Baada ya joto homoni zake hupambana na insulini, na hakuna dozi itakayokaa. Ndicho kilichompata Chausiku, na ndiyo sababu alipofanyiwa upasuaji hitaji lake likaanguka ghafla. Nilionywa nipime kila siku chache baada ya upasuaji, nami nikapima mara moja tu wiki ya kwanza nikaridhika. Usifanye hivyo.

Na macho yake mkague. Mbwa wengi wenye kisukari hupata mtoto wa jicho ndani ya mwaka mmoja, hata wanaotunzwa vizuri.

Paka

Kwa paka chakula ni nusu ya dozi. Mwili wake umeumbwa kwa nyama, wanga mwingi unampandisha. Ugali na dagaa tunaompa, mwachie dagaa wasio na chumvi na mumwondolee ugali, au mumpe chakula laini cha kopo chenye protini nyingi. Lakini usibadilishe chakula na kuacha dozi ilivyo, kwa sababu hitaji linaweza kushuka ndani ya siku chache. Mwambie daktari kabla, na pima mara kwa mara. Mabonde yakianza kugusa 4 na 5 kila wiki huku unapunguza nusu yuniti kila mara, huenda kongosho limeamka, na kuna paka waliofika sifuri.

Ukisafiri

Desemba tunapokwenda Moshi, Chausiku anabaki na mdogo wangu. Kabla ya kuondoka anachoma mara nne nikimwangalia, na mlangoni mwa friji ninabandika karatasi hii:

Akimaliza chakula, choma yuniti 2.5, bomba la U-100, kichupa cha mlangoni pa chini, kibingirishe kwanza. Weka alama ya vema hapa ukishachoma. Asipokula, usichome, nipigie. Akiyumba, asali kwanza, simu baadaye. Ukiwa hukumbuki kama umeshachoma, usichome.